Fundi Sylvesta na Gari ya Kuvua Kofia

Jumatatu ile Kasulu nzima iliacha kazi, ikaja kusimama mbele ya duka la Khatibu. Hata wasio na kazi waliiacha. Gari ya Khatibu ilikuwa imekwama. Paa lake, lile la turubai jeusi linalojikunja lenyewe, lilikuwa limenyanyuka nusu likasimama hewani, si juu si chini, kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya haitoki.

Na usidhani ni gari ya mchezo. Ilikuwa ya Kimarekani, ndefu kama bweni, usukani kushoto. Ilitoka Bujumbura kwa Mbelgiji mmoja, ikavushwa ziwa juu ya boti, Khatibu akaichukua Ujiji akapanda nayo milima Jumapili mchana, paa limelala nyuma, yeye amekaa mbele na kanzu yake kama jogoo juu ya tenga. Ukibonyeza swichi karibu na usukani, paa linanyanyuka lenyewe na kukufunika. Ukibonyeza tena, linakufunua. Mji ukaipa jina Vua Kofia jioni ile ile. Ilikuwa na siku moja tu Kasulu, lakini sifa zake zilikuwa za mwaka mzima. Kutoka Kigoma mpaka Kakonko hapakuwa na nyingine, na kama ilikuwepo, mwenye nayo alikuwa anaificha kwa aibu. Kibondo wao walikuwa wanaringia lori lenye honi mbili.

Basi Jumatatu asubuhi Khatibu akabonyeza paa lifunike gari yake, umande usije ukalowesha siti. Likafika katikati, likagoma.

Shida ni kwamba Alhamisi ya wiki ile binti yake Tunu alikuwa anapelekwa kwa mume, huko huko Kibondo. Khatibu alikwisha watumia wakwe salamu kwamba bibi harusi atakuja na gari ya kuvua kofia. Sasa ukiwa na paa wazi, bibi harusi wa watu anafika amekula vumbi na macho ya wilaya mbili. Ukiwa na paa la nusu, hufiki kokote, upepo unalirarua kabla hujamaliza mji.

"Mwiteni Sylvesta," Khatibu akasema.

Sylvesta akaja na singilendi. Mwezi wa saba, Kasulu, saa moja asubuhi, hata mbuzi wanatamani koti, na huyu anakuja mabega wazi kama yuko ufukweni.

"Fundi, shati umeliuza?" mtu akamuuliza.

"Sijauza," akajibu.

Ndiyo hivyo tu. Zamani ungemuuliza Sylvesta swali la namna hiyo angekujibu neno moja, nalo lingekufuata mpaka ukweni. Alikuwa mtani wa kuogopwa, na tunajua watani sisi. Sasa kumtania ilikuwa kama kutupa jiwe kwenye kisima kikavu. Unasubiri mlio, husikii kitu, unaondoka na aibu yako.

Mke wake, Maximilla, alikuwa anauza mawese sokoni. Homa ilimchukua wakati wa masika, upesi, hata watu wa kuleta pole walichelewa. Sylvesta hakulia siku ya mazishi na hakulia baadaye. Mtoto wao wa pekee, Imma, alichukuliwa na bibi yake kwenda Kitahana, kule Kibondo. "Mpaka baba yake azinduke," bibi alisema, na Sylvesta akasema sawa. Jirani aliyekuwa akimpikia siku moja akampakulia mboga isiyo na chumvi, makusudi, amjaribu. Akala akamaliza, akashukuru. Kesho yake jirani akamwekea chumvi ya watu watatu. Akala akamaliza, akashukuru.

Wala usiseme alikuwa na huzuni. Huzuni nayo ni kazi, inataka mtu. Yeye alikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu: unauona ni wako, lakini ukiufinya unaona kama umefinya mguu wa jirani.

Kufanya kazi alifanya. Alitoa siti ya nyuma, akaingiza kichwa. Mashine yenyewe si ngumu kuielewa, ukiwa na mtu wa kukueleza. Nyuma ya siti kuna mota inayozungusha pampu. Pampu inasukuma mafuta kwenye mipira, mafuta yanakwenda kusukuma mikono miwili ya chuma, mmoja kulia mmoja kushoto, na mikono ndiyo inayonyanyua paa. Basi. Ni kama watu wawili wanaonyanyua mkeka wenye mahindi, ila hawa wanakunywa mafuta.

Sylvesta akabonyeza swichi. Mota ikaguna. Paa halikutikisika.

Alikuwa bado ameinama pale lori kutoka Kibondo lilipoingia, utingo wake Pasikali akaruka chini akamfuata moja kwa moja.

"Fundi, nina maneno yako kutoka kwa mama mkwe."

"Sema."

"Kasema hivi. Jumamosi wanahamishwa kwenda kijiji kipya, na kule kila nyumba inahesabiwa na watu wake. Ukimtaka mwanao, uje umchukue kabla ya Jumamosi. Ukichelewa atahesabiwa mtoto wa shemeji yako Venanti, na ndiyo imekwisha, atakuwa wa Venanti. Kasema hana hasira na wewe. Kasema ila mtoto si debe, haazimwi."

"Nimesikia."

"Nimpelekee jibu gani?"

"Mwambie nimesikia."

Pasikali akamtazama Khatibu, Khatibu akamtazama Pasikali. Khatibu ni mtu wa maneno, babu yake alitoka pwani na akikasirika anatukana kwa kipwani cha babu, lakini hapo alikohoa kwanza.

"Sylvesta, nisikilize. Malori yote, hata hili la Pasikali, yako kwenye kuhamisha watu, na petroli ndiyo hiyo unaiona. Lori langu nimewapa wanawake wa harusi, limejaa masufuria, mwanamume ni dereva peke yake. Wiki hii gari ya kukufikisha Kitahana ni hii hapa. Funga paa hili, Alhamisi utaendesha wewe, tutapita kwa mama mkwe wako, utamchukua mtoto wako. Paa lisipofunga, Tunu anapanda juu ya masufuria na wewe unabaki hapa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Unamtaka mtoto wako?"

Sylvesta alitafuta jibu ndani yake kama anavyotafuta spana namba kumi kwenye boksi. Alikuta spana nyingine zote.

"Nitashughulikia paa," akasema.

Siku ile alisafisha vichwa vya betri, akafungua swichi akaifunga, akapima nyaya moja moja. Mota nzima. Mipira haivuji. Akafungua kizibo cha kopo la pampu, akaingiza kidole. Mafuta yapo, mekundu, mazito, kopo limejaa. Akafuta kidole kwenye suruali. Hapa ujue kitu: Sylvesta ndiye yule fundi aliyekuwa akifumba macho, anaingiza kidole kwenye oili ya lori lako, anakusugulia mbele ya pua, anakwambia oili hii ina maji, tena maji ya mtoni, dereva wako ni mwongo. Watu walikuwa wanatoka Muyama kuja kuona kidole kile. Siku hiyo kidole kilitoka na mafuta na hakikusema neno.

Saa nane mchana, jua limekolea, akabonyeza tena. Paa likasogea shubiri moja, polepole, likasimama. Wanawake wakapiga kigelegele nusu, wakakimeza. Jioni halikusogea tena. Asubuhi ya Jumanne vile vile. Mchana likasogea vidole viwili.

Mji ukatoa dawa zake. Mmoja akasema gari ya Mbelgiji imezoea kengele, igongewe kengele. Mwingine akasema lina jini, na jini la Bujumbura halisikii Kiswahili. Fundi cherehani wa barazani kwa Khatibu akashauri paa likatwe, yeye atashona la kitenge.

Jumanne alasiri akafika Gharibu kutoka Ujiji. Huyu ni binamu wa Khatibu, fundi wa huko ziwani, kaja kula pilau. Gari ilipita mikononi mwake kabla haijapanda mlima. Hakusalimia mtu, alianza na gari.

"Nani kaigusa gari yangu?"

"Gari yangu, Gharibu," Khatibu akasema.

"Yako kwa kukalia. Mafuta ya paa nimejaza mimi mwenyewe, mpaka ikacheua. Ujiji ilikuwa inafunga na kufungua kama kope za msichana."

"Hapa imekataa."

"Imewakataa ninyi. Chombo kimezoea watu wa ziwani, unakileta kwa watu wanaolala na kuku." Akamzunguka Sylvesta, akamtazama mabega. "Na huyu ndiye fundi? Mbona kama kachongwa?"

Watu wakangoja. Kumtukana mtu wa Kasulu mbele ya watu wa Kasulu, jibu lake tunalijua linavyokuwa. Sylvesta alikuwa anafunga nati.

"Mafuta umeweka mekundu," akasema. "Nimeyaona."

"Mekundu ndiyo. Gari za Kimarekani zinakunywa mekundu. Umesoma wapi wewe?"

"Sawa," Sylvesta akasema, na watu wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, kama mpira uliokwisha bila bao.

Jumatano ndiyo siku ya kila kitu. Gari ilisukumwa mpaka ndani ya ua, paa lake la nusu likiwapungia wanawake waliokuwa wanachambua mchele. Katikati ya kazi Sylvesta alipita kuchukua maji, akashika ukuta, akashika na masanduku ya bibi harusi yaliyofunikwa shuka jeupe. Hakujua kama ameshika. Alikuwa amekwisha rudi kwenye gari sauti ya mke wa Khatibu ilipotoka.

"Nani kashika shuka la mwanangu na mawese?"

Bi Mwanaamina huyo. Mama mfupi, lakini sauti yake inafika kabla ya mlango kufunguliwa. Wanawake wa jikoni wakaapa kila mmoja kwa mtoto wake.

"Ni mimi, mama," Sylvesta akasema. "Samahani. Ila si mawese. Ni mafuta ya gari."

"Baba, mimi nimezaliwa Ujiji. Nimeota meno juu ya mawese. Leo unanifundisha mawese?"

Akalichukua shuka, akakwangua lile doa kwa ukucha. Likabanduka kama nta. Akaliweka kiganjani, akalisugua na kiganja kingine, akamletea Sylvesta puani.

"Nusa."

Akanusa. "Sisikii kitu."

"Haya, onja."

Akaonja. Hakuna. Alikuwa karibu kusema hakuna, ndipo akatazama kile kiganja. Chembechembe za rangi ya machungwa zilikuwa zinayeyuka pale kwenye mistari ya mkono wa Bi Mwanaamina, moja inapotea, nyingine inapotea, zinakuwa maji mekundu.

Hicho alikwisha kukiona. Alikiona kila asubuhi ya baridi tangu aoe. Maximilla alikuwa hawezi kwenda sokoni mwezi wa saba mpaka debe lake liamke. Analiweka kwenye majivu ya moto pembeni ya jiko, analizungusha kidogo kidogo, anachovya mwiko, anaangalia chembe zinavyoondoka. "Na haya nayo yana usingizi kama baba Imma," alikuwa anasema. Sylvesta ndiye aliyekuwa akilibeba lile debe mpaka kwenye majivu. Miaka yote hiyo. Na juzi, jana na leo aliingiza kidole chake kwenye kopo la pampu, kile kidole cha sifa, kikakuta mawese yaliyoganda, kikatoka.

Watu waliokuwepo walidhani atalia, wakajiandaa. Hakulia. Alikaa juu ya sanduku la spana, akatazama kidole chake mbele na nyuma.

Gharibu aliitwa. Alikuja anatafuna muwa.

"Gharibu, umeweka nini kwenye pampu?" Khatibu akamuuliza.

"Mafuta mekundu."

"Mafuta mekundu gani?"

"Lile kopo la pampu lilikuwa tupu, nikaona ndani yake mabaki mekundu, mazito. Nikafikiria Ujiji nzima, ni mafuta gani mekundu mazito? Hata ungekuwa wewe, Khatibu."

"Mawese."

"Tena mawese safi, hayana hata machicha. Na yakafanya kazi, uliona kwa macho yako."

"Ujiji hata mawe yanatoka jasho," Bi Mwanaamina akasema. "Huku ni Kasulu, mawese yanakatwa kwa kisu. Ungeweka na kisamvu basi, gari ile ishibe."

Ua zima likacheka. Gharibu mwenyewe akacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Halafu akataka kuonyesha uanaume, akasema walete moto wawashe chini ya gari, yatayeyuka sasa hivi. Petroli iko pale, turubai liko pale, bibi harusi yuko chumba cha pili.

"Moto hapana," Sylvesta akasema.

Wakageuka wote. Alikuwa amesimama.

"Mafuta mengine hatuna, na tunataka lifunge mara moja tu. Kesho asubuhi nipeni majivu ya moto, kwenye vyungu, yafungwe na magunia. Nitayaegemeza kwenye pampu na kwenye mikono na mipira. Polepole. Mawese hayakimbizwi. Ukiyakimbiza yanaungua."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema tangu masika.

"Nani kakwambia hayo?" Gharibu akauliza.

"Mke wangu."

Gharibu akatupa ganda la muwa, akaenda zake.

Alhamisi kulikuwa na ukungu mtu haoni mwisho wa ua. Wanawake walikuwa wamekesha wanapika, majivu hayakuwa shida. Sylvesta akayachota, akavifunga vyungu kwa magunia, akavipanga nyuma ya siti kama anayelaza watoto. Kisha akaingiza mkono akashika bomba la mkono wa chuma wa kulia, akangoja. Akangoja sana. Halafu akautoa, akautazama, akautia tena.

"Vipi?" Khatibu akauliza. Alikwisha vaa koti juu ya kanzu, saa ya safari ilikuwa inampita.

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama pamepata joto. Mtu mwingine ashike."

Khatibu alikuwa karibu kuita mtu, lakini Tunu alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika gubigubi, anangojea gari yake. Akasogea, akatoa mkono wenye hina mbichi bado, akaupitisha ndani.

"Bibi harusi hashiki gari," mama yake akasema.

"Gari ya nani, mama?" Akapapasa mabomba. "Hapa pa baridi, fundi. Huku vuguvugu."

"Tungoje."

Wakangoja. Fundi wa Kasulu na bibi harusi, wamechuchumaa nyuma ya siti kama wanaotafuta kuku aliyejificha.

"Sasa?"

"Sasa pana joto. Pote. Mpira nao umelainika."

Sylvesta akaenda mbele, akabonyeza swichi. Mota ikaguna, ikakohoa, ikashika. Paa likatikisika. Likaanza kupanda, polepole, mbavu zake zikilia, kama mzee anayeinuka msibani, mpaka likafika juu ya kioo, likashuka, likakaa. Hakuna aliyepiga kigelegele mpaka komeo lilipolia ka! Hapo ndipo ukungu uliposikia sauti za wanawake wa Kasulu, na mtu asikudanganye kwamba wapo wengine wanaojua kupiga kigelegele.

Sylvesta alifuta mikono kwenye suruali. Tunu akamwambia, "Fundi, hata kutabasamu?" Akasema, "Panda, tumechelewa."

Gharibu alitiwa kwenye lori la masufuria. Wanawake walimkatalia kwanza, kisha wakakubali kwa sharti la kumuuliza habari za mawese njia nzima.

Barabara ya Kibondo ni ndefu hata ukiwa na furaha. Khatibu alikaa mbele, mama na bibi harusi nyuma. Vyungu vya majivu vilitolewa lakini joto liliacha harufu ya mawese, hata Khatibu alisema gari inanuka kama maharage. Kuanzia Makere walikuta watu njiani wamebeba nyumba zao: nguzo, milango, magunzi ya mahindi, mbuzi anavutwa. Tunu alijaribu utani wa hapa na pale. "Fundi, ukisinzia niamshe, niendeshe mimi." "Sawa," akasema. Daraja la Malagarasi likapita. Jua likapanda, likaanza kuteremka. Sylvesta aliendesha vizuri, mashimo yote aliyakwepa, na lile swali la Khatibu la Jumatatu lilikuwa limekaa katikati yao kama abiria asiyelipa.

Kitahana walifika kivuli kikiwa kirefu. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa imesimama kuta tupu, paa limeshatolewa, nyasi ziko chini, Venanti anafunga nguzo kwa kamba za mgomba. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya vyungu vyake.

"Mwiriwe, mama," Sylvesta akasalimia, ameinamisha kichwa.

"Mwiriwe. Umefika." Akaitazama gari, akaitazama nguo nyeusi ya bibi harusi dirishani. "Umekuja kumchukua, au umepita na harusi ya watu?"

Sylvesta akaokota unyasi mmoja wa paa pale chini, akauzungusha vidoleni.

"Kama hujui, mwache," mama mkwe akasema, taratibu, bila ukali. "Sikulaumu. Mimi nilimzaa Maximilla, najua tumempoteza nani. Lakini usimchukue kama mtu anayerudia mwavuli aliousahau."

Venanti hakugeuka. Alikaza kamba.

Imma alikuwa amekaa juu ya mlango wa nyumba uliolazwa chini, miguu imenyooshwa, gauni jepesi. Alimtazama baba yake kama anavyotazamwa bwana afya.

"Imma, msalimu data wako," bibi akasema; data kwa Kiha ni baba.

Akaja kwa sababu ametumwa. Sylvesta akachuchumaa, akanyoosha mkono, na mtoto akaupokea kwa mikono yote miwili kama alivyofundishwa. Angeuachia hapo, salamu zimekwisha. Hakuuachia. Aliugeuza. Akatazama kucha, ule wekundu uliobaki pembeni mwa kucha usiotoka kwa sabuni, akauinua mkono wa baba yake mpaka puani.

"Mafuta ya mama," akamwambia bibi yake.

Hakulia. Aliripoti tu, kama mtu aliyetumwa kuangalia kitu na amekiona. Akaendelea kuushika.

Sylvesta alibaki amechuchumaa. Vidole vile vilikuwa vya baridi. Vidogo, vya baridi kama vimetoka mtungini, na baridi ile iliingia kwenye kiganja chake, ikapanda kwenye kifundo, ikawa inauma.

"Ana baridi," akasema.

"Unasemaje?" mama mkwe akauliza.

"Mtoto ana baridi. Sweta lake liko wapi?"

"Limefungwa kwenye mizigo."

"Lifungueni, mama. Njia ina upepo. Nimekuja kumchukua."

Mama mkwe akainuka kwenye kigoda. Kisha akamwita Venanti aache nguzo, afungue mzigo.

Walipokaribia Kibondo mjini Imma alikuwa amelala kwenye siti ya mbele, katikati ya baba yake na Khatibu, sweta mpaka masikioni. Taa za maduka zilikuwa zinaanza kuwashwa, na watu walikwisha panga mstari barabarani, maana salamu za Khatibu zilifika kabla yake. Khatibu akavuta kola.

"Sylvesta, kutwa nzima jua limepiga turubai. Mawese yameyeyuka hayo. Fungua kidogo tu, waone. Tunu atajifunika."

"Khatibu," Bi Mwanaamina akaanza kutoka nyuma.

"Hapana, mzee," Sylvesta akasema kabla yake. "Mtoto amelala."

Nje watu walikuwa wananyoosha shingo, wanasubiri kofia ivuliwe, na mmoja alisikika akisema mbona ni gari kama gari. Wakapita katikati yao polepole, wamefungwa kama kopo la samaki.

"Halafu, mzee," Sylvesta akasema.

"Nini tena?"

"Huna koti la ziada? Nasikia baridi."

Khatibu alikuwa na jibu la hilo, jibu zuri, alikuwa nalo tangu Jumatatu. Alimtazama yule mtu na singilendi yake. Akavua koti lake mwenyewe, akamwekea mabegani, akapitisha mkono juu ya mtoto taratibu asimwamshe.

"Litanuka mawese," akasema.

"Ndiyo," Sylvesta akasema, "litanuka."